Mlamula wa Tisa

Jumanne asubuhi, wiki tatu kabla ya bustani kufunguliwa, Pancras alikuta kibao kimoja kimefutika.

Hapo tuelewane vizuri. Vibao vya Bustani ya Mimea ya Mbuba havikuandikwa kwa rangi wala kwa kalamu. Vilikuwa vipande vya bati nene, na kila jina liligongwa herufi kwa herufi kwa msumari na nyundo. Aliyegonga ni Pancras mwenyewe, mtaalamu wa mimea aliyekabidhiwa kazi yote, kwa sababu hakumwamini mtu mwingine na majina ya mimea yake. Herufi ya namna hiyo haitoki kwa mvua wala kwa kusuguliwa. Ukipitisha kidole unaisikia. Sasa alipitisha kidole, na bati lilikuwa laini kama sahani mpya. Akaligeuza nyuma, mahali msumari unapoacha vinundu. Hakukuwa na kinundu hata kimoja.

Akajiambia ni mzaha wa vibarua. Akakipeleka karakana, akagonga upya. Alhamisi vibao vilivyofutika vilikuwa vitatu, na Jumamosi vilikuwa tisa, na vyote tisa vilikuwa vya mstari mmoja tu, ule mstari wa milamula aliyoipanga langoni kukaribisha wageni. Bustani ilikuwa na mimea zaidi ya mia nne yenye majina, na mingine yote majina yake yalikuwa salama.

Akaacha kuwashuku vibarua, maana katika bustani nzima hiyo ndiyo mimea pekee aliyoipata kwa uongo.

Mlamula unaujua kama umewahi kupita mkoa wa Kagera. Una majani marefu ya kijani yaliyokaa kama mapanga, na shina linalokwenda juu bila makuu. Hauliwi wala haujengewi nyumba. Watu huupanda mpakani mwa shamba, na huupanda kichwani mwa kaburi, kwa kuwa haufi kwa ukame na unakaa pale ulipowekwa. Mtu wa huku akikuta milamula imesimama katikati ya pori, pasipo nyumba wala shamba, hahitaji kuambiwa kitu. Pancras alizaliwa Biharamulo, na babu yake amelala migombani kwao chini ya mlamula. Alijua. Hiyo ndiyo habari yenyewe, na mengine yote yametoka hapo.

Miaka miwili nyuma, bustani ilipokuwa bado mchoro kwenye karatasi, alipewa fomu ya tathmini ya eneo. Swali la kumi na moja liliuliza kama kuna makaburi au mahali pa ibada. Mwenyekiti wa kamati, bwana Ndassa, Msukuma mmoja mwenye kicheko kikubwa na haraka kubwa zaidi, alikuwa ameshamweleza kwamba wafadhili wana maeneo mawili mkononi, na likitokea kaburi moja Mbuba, bustani inahamia kwingine bila majadiliano.

"Andika ulichokiona, mtaalamu," alimwambia. "Lakini angalia vizuri unachokiona."

Na Pancras alikuwa ameiota bustani hiyo tangu chuoni. Alikwisha kuipanga kichwani, mimea ya dawa upande wa chemchemi, ya chakula mteremkoni, kitalu karibu na maji, njia ya wageni ikipanda taratibu kutoka langoni hadi kileleni, mahali mtu anapoiona milima ya Burundi. Karibu na kilele njia hiyo ilipita katikati ya kichaka, na katikati ya kichaka kulikuwa na milamula tisa iliyokaa duara.

Aliyempeleka pale ni jirani wa eneo, mama Mukeshimana, mama wa miaka kama hamsini na saba, mkavu, mwenye mikono ya kazi. Alimsimulia bila kulia. Mwaka ule watu walipovuka kwa maelfu kutoka Burundi, surua ilipiga watoto njiani. Wengine mama zao walikufa, wengine mama zao walisukumwa mbele na msafara wakapotea. Yeye alikuwa bibi harusi wa miezi mitatu. Kwa wiki moja yeye na mama mkwe wake walizika watoto tisa hapo kichakani, kila mmoja amefungwa kwenye kipande cha blanketi, na hakuna hata mmoja ambaye jina lake lilijulikana. Walikuwa wadogo mno, au wagonjwa mno, kusema.

"Jina sikuwa nalo la kuwapa," alisema. "Nikampandia kila mmoja mlamula, ili ajue mahali pake. Nakuomba kitu kimoja tu, bwana Pancras. Njia yako ipite kando."

Pancras akamwahidi. Alimwangalia machoni akamwahidi, kisha jioni akakaa mezani, akafika swali la kumi na moja, akaandika: Hakuna. Kwenye orodha ya mimea akaandika: Milamula, tisa, uoto wa asili.

Halafu akampa yule mama kazi. Akamfanya msimamizi wa umwagiliaji kwenye kitalu, akajisifu moyoni kwamba ana huruma. Haikuwa huruma. Alikuwa amemziba mdomo kwa ajira, na mama Mukeshimana, mwenye wajukuu watano wa kulisha, alijua hivyo na akaipokea. Hakumkumbusha ahadi hata siku moja. Kunyamaza kwake ndiko kulikomkera Pancras kuliko kama angemtukana.

Siku ya kung'oa ilipofika, alimtuma mama Mukeshimana kijiji cha Keza kwa siku tatu kukusanya mbegu za miti ya kienyeji. Akawaagiza vibarua wachimbe juujuu, wasizamishe sululu. Minane ilitoka vizuri. Wa tisa uligoma. Vibarua walipokwenda kula mchana, Pancras akabaki peke yake na mtarimbo, akausukuma kwa hasira, na shina likakatika kwa mlio wa mfupa. Mzizi ulipofunuka aliona kilichoushika. Kilikuwa kipande cha blanketi la buluu, kimefumwa ndani ya mizizi kiasi kwamba hapakuwa na namna ya kukitenganisha, na ndani ya blanketi kulikuwa na kitu ambacho hakutaka kukitazama mara mbili.

Yeye mtu wa mimea alijua kwamba kipande cha mlamula ukikichomeka ardhini kinachipua. Angeweza kuufukia pale pale. Lakini vibarua walikuwa wanarudi, sauti zao zimeshasikika. Akafukia shimo kwa miguu, akaubeba mzizi, shina, blanketi na vilivyomo nyuma ya kitalu mahali wanapochomea takataka, akavimwagia mafuta ya taa. Vilichukua muda kushika moto, vilikuwa vimelowa. Kesho yake alipanda gari hadi Nyakanazi, akanunua mlamula kwa muuza maua wa kando ya barabara ya malori, akaupanda mwishoni mwa mstari, na mstari ukawa na tisa.

Mama Mukeshimana aliporudi kutoka Keza alisimama langoni kitambo, akaihesabu kwa vidole.

"Umewahamisha," akasema.

"Ni mimea tu, mama. Mizizi haikufika chini."

Akachukua keni yake ya kumwagilia, akaenda zake.

Basi hayo ndiyo aliyokuwa nayo Pancras moyoni wakati ameshika kibao kitupu mkononi.

Familia yake ilikuwa imehamia nyumba ya mtumishi iliyo ndani ya bustani. Mkewe Verediana alikuwa muuguzi wa zahanati, mwanamke wa kusema kwa kipimo, na binti yao wa pekee Anneth alikuwa ameanza darasa la kwanza. Alikuwa mtoto wa maneno mengi, wa kuitika kabla hujamaliza kumwita. "Abee!" yake ilisikika mpaka chemchemi. Vibarua walikuwa wakimwita kwa kupokezana, Anneth lete maji, Anneth njoo uone kinyonga, na siku nzima jina lake lilikuwa likizunguka bustanini.

Jumapili mchana, vibarua hawapo, Pancras alisikia kikohozi. Kilitoka kwenye milamula. Kilikuwa kikohozi kidogo, kikavu, cha mtoto anayejizuia asikohoe. Akadhani binti yake anacheza huko na vumbi limemwingia.

"Anneth," akaita.

"Karame," sauti ikajibu.

Pancras akasimama. Hivyo ndivyo watoto wa Burundi, ng'ambo ya mto, walivyofundishwa kuitika wanapoitwa na mkubwa, na nyumbani kwake hakuna aliyewahi kulitamka neno hilo. Akasogea. Jua la saa saba lilikuwa utosini, hakuna upepo, kila jani limetulia, na kadiri alivyousogelea mstari ule ndivyo harufu ilivyomjia, ya uji uliochacha na chini yake majivu yaliyolowa, na katikati ya mashina hapakuwa na mtu, ila udongo aliokuwa ameusawazisha kwa reki jana yake ulikuwa na nyayo, nyayo ndogo zisizo na viatu, nyingi, zimezunguka kila mlamula isipokuwa ule wa mwisho, ule wa Nyakanazi, ambao udongo wake ulikuwa haujaguswa.

Alimkuta Anneth nyumbani, amekaa kizingitini.

"Nimekuita, mbona hukuitika?"

"Nilitaka," mtoto akasema. "Kuna mwenzangu akawahi."

Siku zilizofuata Anneth aliitika kwa shida. Ukimwita mara moja alikutazama kama anayejaribu kukumbuka kitu. Ukimwita mara tatu alisema abee, kwa sauti ndogo, halafu akakohoa. Verediana akampima homa, akamsikiliza kifua, akamtazama macho na ndani ya mdomo. Hakuona ugonjwa. Pancras akasema ni vumbi la ujenzi. Alilisema hilo haraka, na mkewe akamtazama kidogo.

Wiki iliyofuata mwalimu wa darasa akamwita Verediana shuleni, akamwonyesha daftari la mahudhurio kwa aibu, akiomba asimfikirie vibaya. Mstari wa kumi na nne ulikuwa mtupu. Alikuwa ameandika jina mara nne kwa wino, na kila asubuhi akifungua daftari anakuta nafasi. Wenzake darasani walikuwa wameanza kumwita wewe. Verediana akarudi nyumbani moja kwa moja, akafungua sanduku, akatoa kadi ya kliniki aliyoiandika kwa mkono wake siku aliyojifungua. Uzito ulikuwepo, tarehe ilikuwepo, chanjo zote zilikuwepo. Kwenye jina hapakuwa na kitu.

Usiku ule aliiacha kadi wazi mezani. Pancras akaiona. Alikuwa na la kusema, lilikuwa limejaa kinywani, lakini zilibaki siku tano bustani ifunguliwe, na akajidanganya kwamba mambo yatatulia wageni wakishaondoka. Akalala amempa mkewe mgongo. Jambo hilo lilimtafuna hata akajichukia, na bado hakufumbua mdomo.

Jumamosi ya ufunguzi, alfajiri, mahema yakiwa yameshasimama na viti vimeshapangwa, Verediana alikuja mlangoni na kikombe cha chai.

"Baba," akasema, kama alivyomwita kwa miaka saba, na akakwama. Midomo yake ilijaribu kufuatisha jina la mtoto, ikashindwa, ikajaribu tena. Akaweka kikombe sakafuni. "Baba nani? Mume wangu, mtoto wetu anaitwa nani?"

Pancras akafungua mdomo amjibu, na hapo ndipo alipojua woga ni nini, kwa sababu alikuwa na uso wa binti yake mbele ya macho, alikuwa na siku aliyozaliwa, mvua iliyonyesha siku hiyo, ubishi wa kuchagua jina kati yake na mama mkwe wake na jinsi walivyocheka baadaye, alikuwa na kila kitu kilicholizunguka lile jina, lakini jina lenyewe, alipolifikia, alikuta mahali laini, pasipo alama, kama lile bati.

Wakakimbilia kitandani. Mtoto alikuwa amelala chali, macho wazi, anakohoa pole pole. Alikuwa wa moto. Miguu yake ilikuwa na udongo mwekundu.

"Unaitwa nani, mama?" Verediana akamnong'oneza. "Sema wewe mwenyewe."

Mtoto akafikiri. "Nilikuwa nalo jana," akasema.

Pancras alitoka mbio kama alivyo. Mama Mukeshimana alikuwa kitalu, anamwagilia, kama vile ni siku ya kawaida. Akamwamkia huku anahema, shikamoo mama, na yule mama akaitikia marahaba bila kuweka keni chini. Akamweleza habari za vibao, kikohozi, nyayo, na jina. Alieleza yote yaliyompata. Aliyoyafanya hakuyagusa.

"Wamekwisha kulitumia wote," mama Mukeshimana akasema kwa sauti ya chini. "Wewe umewatoa mahali pao, ukawasimamisha njiani kama watu wanaosubiri gari. Ukawagongea majina ya miti. Hawakuyataka, wakayafuta. Halafu wakasikia jina la mtoto linaitwa mchana kutwa, jina la kweli, linaloitwa na mama na baba. Ungekuwa wewe usingeitika?"

"Nifanye nini?"

"Warudishe. Kwa mikono yako, mchana, watu wakiona. Na useme ulichofanya, wote wasikie, maana ulikificha kwa wote. Fanya leo. Siku jina likimtoka hata yeye mwenyewe, atawafuata."

Pancras akasema kwamba limeshamtoka. Mama Mukeshimana akaweka keni chini.

Saa nne mgeni rasmi alikuwa amekaa, kwaya imeimba, bwana Ndassa amevaa suti ya bluu na kicheko chake chote. Mshereheshaji akamkaribisha mtaalamu aeleze historia fupi ya bustani. Pancras akashika kipaza sauti. Akasema kwamba hapa pana makaburi ya watoto tisa, kwamba alionyeshwa, kwamba aliahidi, na kwamba jioni ile ile aliandika hakuna. Akasema milamula waliyopita kando yake wakiingia ni alama za makaburi hayo, na ameing'oa yeye.

Alipofika hapo kipaza sauti kikazimwa. Ndassa alikuwa amesimama karibu na mashine ya sauti, na hakuwa anacheka. Pancras akaendelea kwa sauti yake tupu. Chini ya mahema palikuwa kimya kiasi kwamba kikohozi cha mtoto kilisikika kutoka ile nyumba ya mtumishi, na baada yake, kutoka langoni, vikohozi vingine vikakijibu, kimoja baada ya kingine, na watu waliokaa viti vya nyuma wakageuka kutazama, wasione mtu, na mwanamke mmoja akamvuta mtoto wake mapajani akamfunika na kanga, na mgeni rasmi akainuka taratibu akaulizia gari lake.

Hakuna aliyempiga. Kuna mzee mmoja wa Mbuba alitangulia kutoka kwenye hema, akachukua jembe kwenye karakana, na wengine wakamfuata. Pancras alichimba yeye mwenyewe, akiwa na shati lake jeupe la sherehe, akabeba kila mlamula kifuani hadi kileleni mahali pa duara, na wanaume wakamwonyesha mashimo ya zamani. Mama Mukeshimana alipiga magoti kwenye kila shimo. Safari hii hakuwaacha hivi hivi. Kila mmoja alimpa jina, kwa kunong'ona, majina ya watu wa ukoo wake mwenyewe: Bizimana, Ntirampeba, na mengine ambayo Pancras hakuyasikia vizuri. Kila jina lilipotamkwa majani ya mlamula ule yalitikisika kidogo, ingawa hapakuwa na upepo, na kikohozi kimoja kikanyamaza. Waliokuwa karibu waliona. Pancras alikuwa analia na hakujificha.

Wakafika wa tisa.

Mama Mukeshimana alishika shina, akalipapasa, akanusa kiganja chake. Akatamka jina. Majani hayakutikisika. Akarudia. Kisha akamtazama Pancras, na akamwuliza kwa sauti ambayo wawili tu waliisikia.

"Huyu ni mwenyewe?"

Angesema. Lilikuwa neno moja tu. Lakini dakika chache tu zilizopita yule mzee wa jembe alikuwa amemshika bega, akamwambia kwamba kukiri mbele ya watu si kazi ndogo, na watu waliokuwa wamemzunguka walimtazama kama mtu aliyerudi kutoka mahali pabaya. Ajira ilikuwa imeshakwenda, alijua. Hicho ndicho kilichobaki, na alikitaka. Kuhamisha kaburi watu waliweza kumsamehe. Kumwagia mtoto mafuta ya taa na kumchoma pamoja na takataka, nani angemtazama tena usoni? Na wanane si wametulia? Mmoja ni nini?

"Ni mwenyewe, mama," akasema. "Jua tu limemchosha."

Mama Mukeshimana akajipangusa kiganja kwenye kanga. Akafukia.

Hapo hapo sauti ya Verediana ikatoka chini kwenye nyumba, inapasuka kwa furaha, inaita, "Anneth! Anneth! Anneth!" na kila mtu kileleni akalisikia jina hilo, na Pancras akalisikia likimrudia kichwani mahali pake kama mtu anayeingia nyumbani kwake. Akateremka mbio, anaanguka, anainuka. Binti yake alikuwa amekaa kitandani, anadai uji.

Mchana ule bwana Ndassa aliondoka na mgeni rasmi bila kuaga. Jioni lango lilifungwa kwa mnyororo, na barua ya kumfukuza Pancras kazi, kila mtu alijua, ingekuja wiki iliyofuata. Hakujali. Walikuwa wafungashe warudi Biharamulo, na yeye alikuwa tayari kulima maharage maisha yake yote. Alitoa kadi ya kliniki, akamwonyesha mkewe, jina lipo, kwa mwandiko wake ule ule. Verediana akaishika kifuani. Akamwambia kwamba amefanya jambo gumu leo, na kwamba anamheshimu kwa hilo. Pancras akaona haya, akasema asante, akageukia dirisha.

Nje kulikuwa kunaingia giza. Verediana alipakua ndizi na maharage, akatandika mkeka, akaweka sahani tatu. Mtoto alikuwa chumbani anachezea vifungo vya baba yake. Pancras akavuta pumzi, na kwa raha tupu ya kulitamka akaita.

"Anneth. Njoo ule."

"Abee," ikatoka chumbani.

"Karame," ikatoka nje, nyuma ya mlango wa mbele.

Mwiko ukasimama mkononi mwa Verediana. Chini ya mlango, pale pasipofika mbao, harufu iliingia taratibu, ikapita juu ya harufu ya chakula, ya majivu yaliyolowa na mafuta ya taa, na baada ya harufu kikaja kikohozi, kidogo, kikavu, cha mtoto anayejizuia asisumbue watu wa nyumba, kisha kitu kikagusa mbao za mlango chini kabisa, mahali mkono wa mtoto mdogo unapofika, kikapapasa, kikatulia, kikasubiri, na Pancras aliyekuwa amepiga goti mkekani alishindwa kuinuka na alishindwa kukaa.

Anneth akatoka chumbani. Hakuonekana ameogopa. Akaketi mahali pake, akasogea upande kuacha nafasi, na akasukuma sahani yake katikati.

"Mfungulie, baba," akasema. "Ni yule uliyemchoma."

Verediana hakuutazama mlango. Alimtazama mumewe.